Siku Bata Alipoimba Nyumba Nzima

Puk, puk, puk.

Sekela alikuwa anapukuchua maharage mabichi. Maganda aliyatupa kwenye ndoo. Punje alizitia kwenye ungo.

Mama alikuwa anamenya ndizi za kupika. Tumpe, mdogo wake Sekela, alikuwa amelala mgongoni kwa Mama, mdomo wazi.

Nje, ukungu ulikuwa umeshuka. Ulifunika mashamba ya chai. Ulifunika njia. Ulifunika hata banda la kuku, ambalo liko karibu kabisa.

"Fanya haraka, Sekela," alisema Mama. "Maharage hayaivi kwa kutazamwa."

Puk, puk, puk.

Pale jikoni, spika ndogo iliimba wimbo ambao Sekela anaupenda kuliko nyimbo zote.

*Bata kavaa mabuti,*
*chwa, chwa, chwa.*
*Bata kapita topeni,*
*chwa, chwa, chwa.*

Sekela alitikisa mabega. Alitikisa na ungo. Punje tatu zikaruka chini, akaziokota upesi kabla Mama hajaziona.

Mama aliziona. Akaendelea kumenya.

Sasa sikiliza vizuri, maana nyumba ya kina Sekela ina mambo yake.

Nyumba ile ina spika karibu kila chumba. Spika hizo hazina waya. Alizifunga Baba, kwa sababu Baba ni fundi umeme, na fundi umeme hawezi kuona ukuta mtupu akauacha.

Sebuleni kuna kisanduku cheupe chenye taa ya kijani. Muziki hutoka mbali, huingia kwenye kisanduku, halafu hupita hewani mpaka kwenye spika. Mama huuongoza kwa simu yake.

"Muziki hauna miguu," Baba husema, "lakini unafika."

Na kila chumba kina muziki wake.

*Jikoni ni ngoma: ndu, ndu, ka.*
*Sebuleni ni zeze: zii, zii, zii.*
*Kwa Bibi ni kwaya: mmm, mmm, mmm.*
*Barazani ni filimbi: fyuu, fyuu, fyuu.*

Muziki huo uliwekwa kwa ajili ya Bibi.

Bibi ni mama yake Baba. Macho yake yamechoka. Anaona mwanga, anaona kivuli, basi.

Baba alimnunulia fimbo. Bibi akaitumia kufukuzia kuku.

Mama alitaka kumshika mkono. Bibi akasema, "Niacheni. Mimi si gunia la viazi."

Ndipo Mama alipowaza muziki. Tangu siku hiyo, Bibi hutembea kwa masikio. Akisikia ndu, ndu, ka, anajua jikoni ni huku. Akisikia zii, zii, zii, anajua sebule ni kule. Akisikia fyuu, fyuu, fyuu, anajua hapa ni barazani. Mbele kuna ngazi tatu. Basi anageuka, anarudi ndani.

Hajajikwaa hata mara moja.

Lakini wimbo wa bata haukuwa na chumba.

Sekela hulala chumba kimoja na Bibi, na kwa Bibi ni kwaya. Mmm, mmm, mmm, asubuhi mpaka jioni. Sekela aliona hiyo si haki.

Siku ile, kabla ya kuanza kumenya ndizi, Mama alitoka kidogo kwenda kukata mkungu. Simu ikabaki juu ya meza.

Sekela alifuta vidole kwenye gauni. Akaivuta simu, akautafuta wimbo wa bata.

Aliona picha za vyumba. Chini kabisa aliona kitufe kikubwa. Sekela yuko darasa la kwanza. Husoma polepole, silabi moja moja.

*Vyu-mba. Vyo-te.*

Akabonyeza.

*Chwa, chwa, chwa.*

Mama aliporudi na ndizi, alimsikia bata. "Leo ngoma imekwenda wapi?" aliuliza.

"Bata anaimba kidogo tu, Mama."

Mama alidhani bata yuko jikoni peke yake. Alikuwa na ndizi za kumenya, maji ya kuchemsha na mtoto mgongoni. Hakuuliza tena.

Puk, puk, puk. Chwa, chwa, chwa.

Ndipo wakasikia: ko, ko, ko.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa Mama Gwamaka, jirani yao. Anachuma chai. Kapu lilikuwa mgongoni, na ukungu ulikuwa umemlowesha nywele.

"Karibu, Mama Gwamaka," alisema Mama. "Vuta kigoda."

Mama Gwamaka hakuvuta kigoda. Hakuingia hata ndani. "Mama Sekela, bibi yenu yuko ndani?"

"Yuko chumbani kwake."

"Hebu mwangalie."

Mama aliacha kisu. "Kuna nini?"

Mama Gwamaka alinyoosha mkono. Mkononi alikuwa na ndala moja. Ndala ya bluu, yenye kamba iliyoshonwa kwa uzi mweusi.

Sekela aliijua ndala ile. Wote waliijua.

"Nimeikuta kwenye chai," alisema Mama Gwamaka. "Kule chini."

Ungo ukamtoka Sekela mkononi. Punje zikatawanyika sakafuni, na safari hii hakuna aliyeziokota.

Mama alikwenda chumbani kwa Bibi, mbiombio. Sekela alimfuata nyuma.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Bibi hakuwapo. Spika ilikuwa inaimba.

*Chwa, chwa, chwa.*

Wakaenda sebuleni. Kiti cha Bibi kilikuwa kitupu. Spika ilikuwa inaimba.

*Chwa, chwa, chwa.*

Wakaenda barazani. Mlango ulikuwa wazi. Ukungu ulikuwa unaingia ndani taratibu, kama mgeni asiyepiga hodi. Na spika ilikuwa inaimba.

*Chwa, chwa, chwa.*

Mama alitazama ngazi tatu. Baada ya ngazi kulikuwa na ukungu, na baada ya ukungu hakuna kilichoonekana.

"Kule chini kuna korongo," alisema Mama Gwamaka. Alisema kwa sauti ya chini ili Sekela asisikie.

Sekela alisikia.

Mama alichukua simu akampigia Baba. "Baba Sekela, rudi. Mama yako hayumo ndani. Ndiyo, na ukungu umeshuka. Rudi sasa."

Kisha akamwambia Sekela, "Kaa hapa barazani. Usishuke ngazi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Nikirudi nikukute hapa hapa."

Mama na Mama Gwamaka wakashuka. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ukungu ukawameza.

Mama Gwamaka ana sauti kubwa. Akaita majirani. Majirani wakaja, huyu kutoka juu, yule kutoka chini. Wote wakaanza kuita.

"Bibi eee."

"Bibi eeeee."

"Bibi, uko wapi?"

Sauti zilitoka kulia. Zilitoka kushoto. Zilitoka nyuma ya nyumba. Lakini sauti ya Bibi haikutoka popote.

Sekela alisimama barazani. Alijiuliza jambo moja. Kwa nini leo? Bibi hajawahi kupotea. Bibi anaijua nyumba hii kuliko paka.

Akafumba macho, kama Bibi.

Akageuka mara moja. Akageuka mara mbili. Akaanza kwenda jikoni kwa masikio.

Mbele yake: chwa, chwa, chwa.

Kulia kwake: chwa, chwa, chwa.

Kushoto kwake: chwa, chwa, chwa.

Nyuma yake: chwa, chwa, chwa.

Akapiga hatua nne. Puu. Goti likagonga kiti.

Akafumbua macho. Alidhani yuko karibu na jikoni. Kumbe alikuwa sebuleni, ameuelekea mlango wa nje.

Sasa Sekela akaelewa.

Bibi alikuwa anakwenda jikoni. Alikuwa anaitafuta ngoma. Hakukuwa na ngoma. Hakukuwa na zeze, wala kwaya, wala filimbi. Kulikuwa na bata kila mahali, na bata hakumwonyesha Bibi njia.

*Ni mimi,* aliwaza Sekela. *Mimi ndiye niliyebonyeza.*

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Bata hawezi kusema.

Sekela alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Mama."

Sauti ilitoka ndogo. Haikufika hata kwenye ngazi.

"Mamaaa."

Mama alitokea kwenye ukungu, anahema. "Umemwona?"

"Hapana. Mama, nilibonyeza vyumba vyote. Bata anaimba nyumba nzima. Bibi hakujua jikoni ni wapi."

Mama alimtazama. Kisha akasikiliza. Chwa, chwa, chwa, kutoka huku. Chwa, chwa, chwa, kutoka kule. Ni kana kwamba ndiyo kwanza anamsikia bata.

Sekela alingoja kugombezwa.

"Tutazungumza baadaye," alisema Mama. Akampa simu. "Zima."

Sekela akabonyeza.

Bata akanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya.

"Sasa rudisha ngoma," alisema Mama. "Ngoma peke yake. Jikoni peke yake."

Sekela alitafuta picha ya jikoni. *Ji-ko-ni.* Akabonyeza.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Mama akaibeba spika ya jikoni mpaka nje, akaelekea kwenye chai. Alitaka ngoma imfikie Bibi.

*Ndu, ndu, ka. Ndu... nd... ka... n...*

"Inakatika," alisema Sekela.

"Tumekwenda mbali na kisanduku." Mama akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa jikoni. Hapo ngoma ikarudi. Akaiweka spika kizingitini na kuifungulia sauti yote.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Wakangoja.

"Bibi eee," waliita majirani kulia.

"Bibi eeeee," waliita majirani kushoto.

"Bibi, huku. Njoo huku," aliita mtu nyuma ya banda la kuku.

Sekela aliziba masikio. Akayazibua. Akamvuta Mama kanga.

"Mama, wanaita kila upande. Wao nao ni kama bata."

Mama hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa.

"Mama Gwamaka," aliita. "Waambie wanyamaze. Wote."

Na Mama Gwamaka, ambaye huwaita wachuma chai kutoka kilima hiki mpaka kilima kile, alijaza kifua pumzi.

"Jamani, nyamazeni. Kila mtu asimame alipo."

Kilima kizima kikanyamaza. Ikabaki sauti moja, mahali pamoja.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Matone yalidondoka kutoka kwenye migomba. Tumpe alipiga chafya mgongoni. Hakuna aliyesema neno.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu...*

Tik.

Taa ya jikoni ikazimika. Taa ya kijani ya kisanduku ikazimika. Ngoma ikazimika.

"Umeme," alisema Mama. Neno moja tu.

Spika ilikuwa na betri. Simu ilikuwa na chaji. Lakini kisanduku kilikuwa kimekufa, na bila kisanduku hakuna njia ya muziki kupita hewani.

Mama alibonyeza simu. Akabonyeza tena. Haikuimba.

Ukungu ulikuwa unazidi. Mwanga ulikuwa unapungua.

Sekela alitazama huku na huku jikoni. Aliona ungo. Aliona kisu. Aliona ndoo imejaa maganda.

Aliinamisha ndoo. Maganda yote yakamwagika sakafuni. Akaichukua ndoo, akaitoa nje, akaifudikiza kizingitini. Akachukua mwiko mkubwa wa ugali.

Katikati ya ndoo: ndu, ndu.

Ukingoni mwa ndoo: ka.

*Ndu, ndu, ka.*

Mama alimtazama. "Piga kwa nguvu," alisema.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Sekela alipiga. Mkono wa kulia ukachoka. Akahamishia mwiko mkono wa kushoto. Wa kushoto hupiga vibaya, lakini hupiga.

*Ndu, ndu, ka. Ndu... ndu, ka.*

Wakasikiliza. Hakuna kitu.

*Ndu, ndu, ka.*

Hakuna kitu.

*Ndu, ndu, ka.*

Na mbali, chini kabisa kwenye chai, mtu akakohoa.

Mama akainua kidole.

"Nani huyo," ilisema sauti kutoka kwenye ukungu, "anayepiga ngoma vibaya namna hiyo?"

Miguu ya Sekela ilitaka kukimbia. Mama akamshika bega.

"Usiache. Ukiacha, hatakuwa na pa kushika. Piga."

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Chakacha, chakacha. Mtu alikuwa anapita katikati ya michai. Chakacha. Akasimama. Chakacha. Akaja tena.

Mara, kutoka barabarani: prum, prum, prum, prum.

Pikipiki ya Baba.

Prum, prum, prum, ikapanda kilima. Prum, prum, prum, ikaifunika ndoo ya Sekela. Ndu na ka havikusikika tena.

Chakacha ikasimama.

Mama alikimbia na Tumpe mgongoni. Alikimbia mpaka getini, akainua mikono yote miwili mbele ya taa ya pikipiki.

"Zima."

Baba akazima. Hakuuliza kwa nini. Alimwona Mama usoni, akazima.

Kimya.

Sekela alikuwa bado anapiga. Hakuacha hata pikipiki ilipomfunika. Jasho lilimtoka, na baridi ile yote.

*Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka. Ndu, ndu, ka.*

Chakacha.

Chakacha, chakacha.

Kivuli kikatokea. Kikawa kirefu. Kikawa na kilemba. Kikawa Bibi, mguu mmoja una ndala, mguu mwingine hauna.

Lakini upande huu wa jikoni, kati ya chai na nyumba, kuna mtaro wa maji ya mvua. Juu ya mtaro kuna ubao mmoja, na ubao ulikuwa umelowa.

Bibi alisimama ukingoni. Akapapasa kwa mguu usio na ndala. Akapapasa huku, akapapasa kule. Hakuupata ubao.

Mama alikuwa amekwisha kufika upande wa pili.

"Mama," alimwambia Bibi. "Kuna ubao hapa, unateleza. Nipe mkono."

Bibi alisimama kidogo. Ukungu ulimpita usoni.

Akanyoosha mkono.

Mama akaushika. Hatua moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Umevuka," alisema Mama.

Sekela akaangusha mwiko. Alikimbia akamkumbatia Bibi miguu, akalowa matope mpaka masikioni.

"Wewe ndiye mpiga ngoma?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, Bibi."

"Mkono wa kushoto ufundishe."

Wakamwingiza Bibi jikoni, karibu na jiko. Mama alimwosha miguu kwa maji ya moto. Baba aliwasha taa ya sola. Aliishika juu muda mrefu, kana kwamba amesahau kuitundika.

"Mama," alimwambia Bibi, "ulikuwa unakwenda wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa nakuja jikoni kunywa chai. Jikoni ikanikimbia."

"Mbona hukuitika walipokuita?"

"Niitikie yupi? Huyu ananiita huku, yule ananiita kule. Mtu akiitwa na watu kumi, aende kwa nani? Nikashika mchai mmoja. Nikakaa chini. Nikasema, nitakaa hapa mpaka wenye akili waamke."

Mama Gwamaka, ambaye ndiye aliyeita kuliko wote, alikohoa kidogo.

Sekela alikuwa anaokota maharage sakafuni. Aliokota moja. Aliokota jingine. Kisha akasimama.

"Bibi, ni mimi niliyefanya bata aimbe kila chumba. Wimbo wangu hauna chumba. Niliona si haki."

Baba akamtazama Sekela. Akamtazama na Mama. Mama akatikisa kichwa: mwache aseme.

"Nilikuwa nataka wimbo wangu uimbwe tu," alisema Sekela. "Sikutaka wewe upotee."

Bibi alivuta miguu karibu na jiko.

"Yule bata," alisema, "nimemwacha chumbani, nimemkuta sebuleni. Nimemwacha sebuleni, nimemkuta barazani. Nikasema, bata huyu ana mabuti kweli, anatembea kuliko mimi."

Mama Gwamaka akacheka kwanza. Baba akafuatia. Mama hakucheka, lakini mdomo wake ulitaka.

"Sasa kaa unisikilize," alisema Bibi. "Mimi nina masikio mawili tu. Ukiyajaza bata, sina kingine."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini bata apewe mahali pake. Bata ni wa wapi?"

Sekela alifikiri. "Wa kwenye maji."

"Basi mpelekeni bafuni. Huko hakuna muziki, na mimi kila siku napapasa ukuta nikilitafuta bafu."

"Nina spika moja ndogo kwenye boksi," alisema Baba. "Umeme ukirudi, nitaifunga."

"Na simu," alisema Mama, "hutaigusa mpaka uombe. Mwezi mzima."

"Ndiyo, Mama."

"Na maharage hayo yaoshe. Yana mchanga."

Sekela akayaosha mara tatu. Mama akayabandika pamoja na ndizi, akatia kitunguu, nyanya na chumvi. Sufuria ikaanza kuchemka: bwata, bwata, bwata.

Mama Gwamaka alitaka kuondoka. Mama akamnyang'anya kapu. "Huondoki na njaa nyumbani kwangu. Kaa."

Chakula kikaiva. Mama akatandika mkeka chini ya taa ya sola. Akapakua. Mvuke ukapanda.

Kabla hajakaa, Mama alisimama na upawa mkononi. Akawatazama mmoja mmoja.

"Bibi."

"Nipo."

"Baba Sekela."

"Nipo."

"Mama Gwamaka."

"Nipo, na nina njaa."

"Sekela."

"Nipo, Mama."

Tumpe hajui kusema. Alikuwa ameamka mgongoni, ananyonya ncha ya kanga. Mama alipeleka mkono nyuma akampapasa mguu mmoja, halafu wa pili.

"Na mimi," alisema. "Sita. Kuleni, kinapoa."

Wakala. Nje, ukungu ulisimama mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mama akahesabu tena, kimoyomoyo. Sita.

Ndipo naye akakaa chini.